Dawa Ambayo Bado Iko kwa Panya

Kwako Leokadia, uliyepewa jina la mama yangu na sasa umechukua na ukali wake,

Mambo ya sweta, ya soksi nzito, ya kutonunua chakula madirishani mwa basi na ya kushonea pasipoti ndani ya sketi, mama yako amekwisha kuyasema, na asubuhi atayasema upya. Mimi nayaruka. Nimebaki hapa mezani peke yangu, ugali wangu umepoa sijaumaliza, na ninaandika kwa sababu kusema nimeshindwa. Unanijua tangu utoto wako: nikikasirika mdomo unafunga na mguu unatoka nje.

Maneno yako ya jioni hii nimeyashika yote. Ulisubiri mama yako amalize kupakua, ukaniambia, "Baba, naomba radhi kwa nitakalosema. Dawa ninayokwenda kuisomea iko kwa panya. Kwa panya, baba, na hata kwa panya wengine haifanyi kazi. Usinisubiri mimi. Kesho usipopanda basi pamoja nami kwenda kutibiwa Dar es Salaam, na mimi sipandi. Nafasi yangu ya chuo huko ng'ambo waichukue wengine." Ukanawa mikono, ukaingia chumbani, nikasikia zipu ya begi. Sikujua kama unafunga au unafungua.

Nilitoka nje kwa hasira. Mtoto niliyembeba mgongoni kumvusha mto ananipa masharti kwenye meza yangu mwenyewe! Lakini hasira ilipopungua nikaona kwamba hukusema lolote nisilolijua. Basi ngoja nikusimulie nilivyofika hapa, maana sehemu kubwa ulikuwa chuoni, na uliyosikia yamepitia kwa mama yako, ambaye akisimulia makosa yangu huyapunguza makali.

Unaikumbuka ile Krismasi tuliyoteremka ziwani kwenda kwao mama yako, Liuli. Mjomba wako Wilbert alikuwa ametandaza wavu mchangani anaushona, umetobolewa na kaa. Watu wakakuuliza unasomea nini huko chuo kikuu, ukasema kemia. Mjomba wako akauliza, "Kemia ndiyo nini, inaliwa na ugali?" Watu wakacheka. Wewe hukukasirika, ukachuchumaa kando ya wavu, ukaanza kueleza.

Ulianza na bomba langu la kupulizia kahawa. Ulisema dawa za saratani tulizonazo leo zinafanya kazi kama baba anapopulizia mrututu shambani: dawa inamwagikia majani, inamwagikia migomba, inamwagikia udongo, na mabega ya baba yanarudi nyumbani ya bluu, lakini ile inayofika kwenye tunda lenye ugonjwa ni kidogo. Mgonjwa naye hivyo hivyo. Dawa ikiingia kwenye damu inazunguka mwili mzima, inanyonyoa nywele, inachubua mdomo na tumbo, na uvimbe wenyewe unaambulia mabaki. Ndiyo maana, ulisema, watu wa sayansi wanajaribu kuifungia dawa ndani ya chembe ndogo mno, ndogo kuliko chochote ambacho jicho linaweza kuona. Mnaziita chembe za nano.

"Sasa hiyo chembe itaijuaje njia?" akauliza mjomba wako. "Haina macho, haina dira."

Ukashika wavu wake. "Tazama, mjomba. Mishipa ya damu ya mahali pazima ni kama wavu mpya, macho yake yamebana. Lakini uvimbe wa saratani unakua haraka, unajijengea mishipa yake kwa pupa, na kazi ya pupa unaijua. Inakuwa na matundu kama haya ya kaa. Chembe yetu ikipita kwenye mishipa mizima haiwezi kutoka, ni kubwa kwa macho yale. Ikifika penye matundu inachoropoka, inaingia kwenye uvimbe. Na uvimbe hauna mifereji mizuri ya kujisafisha, kwa hiyo chembe inabaki humo." Kisha ukasema kwamba juu ya chembe mnaweza kubandika kitu ambacho seli ya saratani inakipenda, seli ikidhani imepata chakula inaimeza yenyewe, na dawa inafungukia ndani.

Mjomba wako alipiga makofi. "Shemeji!" akaniita. "Sisi tunashona, binti yako anavua kwa matundu! Hizi akili amezitoa wapi, maana ninyi watu wa milimani samaki hata usipa mnaujua ukiwa umekwisha kaangwa?"

Wote mlicheka. Mimi sikucheka, na hakuna aliyeniona. Wakati ule tayari nilikuwa na kitu chini ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya haragwe, kigumu, hakiumi. Ninyi mlikuwa mnasikiliza habari za shule. Mimi nilikuwa nasikiliza habari zangu. Na najua uliendelea kusema. Ulisema ini na bandama huzikamata chembe nyingi kabla hazijafika kunakotakiwa, ukasema uvimbe wa mtu huyu haufanani na wa yule, ukasema bado ni majaribio na huenda nywele zako zitaota mvi kabla mgonjwa wa Mbinga hajaiona hiyo dawa. Hayo yote yaliingia kwa sikio la kushoto yakaishia hapo. Nilichukua matundu ya kaa, mengine nikayaacha mchangani.

Mwaka uliofuata kitu kile kilipofikia ukubwa wa jani la kahawa lililokunjwa, mama yako alinivuta hospitali kwa nguvu. Daktari alikata kipande kidogo, akakipeleka kupimwa, na siku aliyoniita alinifungia mlango akasema, "Mzee, hii ni saratani. Bado haijashika chini. Upasuaji na mionzi vinaweza kukusaidia, lakini mashine ya mionzi iko Dar es Salaam tu. Nenda sasa."

Nikamjibu kwa kiburi, Leokadia, bado nakisikia kiburi chenyewe. "Binti yangu anasomea dawa yake."

"Hongera kwa binti," akasema daktari. "Nenda Dar es Salaam."

Sikwenda. Nilianza kufunga kitambaa shingoni kama mtu mwenye kikohozi. Nilipoulizwa, nilitamba. Nilitamba kwenye kilabu cha pombe, nilitamba uwanjani baada ya misa, nikichora wavu kwa fimbo chini na kuwaonyesha wazee matundu. Watu walinisikiliza. Tangu ruzuku iondolewe na dawa ya kahawa iwe ya wenye uwezo, nani tena alikuwa akinisikiliza? Fundi wa kupulizia mibuni ya watu asiye na dawa ni mzee mwenye mabega ya bluu, basi. Lakini nilipoanza habari za chembe za nano, watu walinipisha kwenye benchi.

Na kati ya walionisikiliza alikuwepo Mama Beatha, yule anayekaa kando ya barabara kuu, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya. Ana uvimbe kwenye titi. Daktari alimwambia neno lile lile aliloniambia mimi. Siku moja baada ya misa alinisogelea, akainamisha kichwa, akauliza, "Baba Leokadia, hiyo dawa ya binti itafika lini?" Ningeweza kumwambia sijui. Nikamwambia, "Haitachelewa." Tangu siku ile na yeye anasubiri.

Ulipofika kutuaga juma lililopita ukaona ukubwa wa hiki kitu, ulilia jikoni ukidhani siko. Mama yako naye juzi alikwenda mjini akakata tiketi mbili za viti vya pamoja, mimi nikidhani amekwenda kununua chumvi. Yangu ameiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Nimeikuta pale penye nyimbo za Kwaresima.

Sasa nataka nikukumbushe jambo unalolijua, kwa sababu nataka uone kwamba nami nalijua. Ni ule mwaka uliomaliza darasa la saba. Enzi za chama cha ushirika tulikuwa tunapeleka kahawa, tunapewa malipo ya kwanza, ya pili tunayasubiri mpaka mtu anasahau alichouza. Ndipo soko huria lilipofika huku kwetu. Wanunuzi binafsi walipanda na magari yao na mizani zao, wakasimama hata chini ya kanisa, kila mmoja na bei yake. Kila juma bei ilikuwa juu kuliko juma lililopita. Majirani wakauza. Mama yako akaniambia, "Baba Leokadia, tuuze na sisi." Nikamwambia anyamaze. Soko huria, nikamwambia, maana yake ni kwamba sasa mwenye mali ndiye mwenye neno, na neno langu ni kwamba itapanda zaidi.

Magunia niliyapanga chumba cha uani. Mvua zikaanza. Kila jioni nilikuwa naingia, natia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, nafurahia utajiri wangu. Jioni moja mkono uliniambia kahawa imepata joto. Kahawa iliyokauka vizuri haina joto, mtoto wa Kimatengo wa darasa la pili anajua. Nikajiambia ni joto la bati. Kesho yake joto likazidi, na kukawa na harufu ya kabati la zamani. Nikajiambia ni ya magunia. Bei ilikuwa bado inapanda, na mimi nilikuwa naisikiliza bei kuliko mkono wangu.

Mnunuzi wa mwisho alichota kiganja kimoja, akanusa, akairudisha ndani ya gunia taratibu, akafunga kamba kama alivyoikuta. Hakunitukana. Angenitukana ningepata la kumjibu. Mwaka ule wenzako walikwenda sekondari, wewe ukabaki nyumbani unafukia ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo, na mama yako kwenye kile kilima cha nyuma, vumbi mpaka kwenye kope. Hukunilaumu hata siku moja. Ulipokuwa ukinipita na jembe begani ukinisalimia "Shikamoo baba," nilikuwa naitikia nikitazama pembeni.

Na hiki kilicho chini ya sikio, mama, nimekishika kila jioni tangu Krismasi ile. Mkono uliniambia kimekua. Nikasema ni jino. Mkono ukaniambia kimeacha kucheza, kimeanza kushika chini. Nikasema nimelalia vibaya. Ni mimi yule yule na gunia lile lile. Nasubiri bei ipande.

Ajabu ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikipita nyumba kwa nyumba na bomba mgongoni nikiwafokea watu, "Chulebuni haingojwi! Ukiona doa jeusi kwenye tunda, ugonjwa umekwisha kula na wewe unanawa mikono!" Niliwahi kumwita mzee mmoja mpumbavu mbele ya wakwe zake kwa sababu alitaka kusubiri mrututu mpya uliosemekana unakuja, wa nguvu zaidi, na huku wa zamani uko stoo. Nilimwambia, "Wa leo unaua chulebuni ya leo." Nilikuwa na akili sana kwenye mibuni ya watu.

Jioni hii nilipokuwa nje nikitembea na hasira zangu, nilijiuliza kwa nini. Uzembe nauondoa, maana sijawahi kuwa mvivu. Na umaskini nauondoa, maana mama yako amepata nauli na mama yako mdogo aliyeko Dar es Salaam alishasema nifikie kwake. Yamebaki mawili, na yote ni ya aibu, lakini nitayasema.

La kwanza, ninaogopa. Nimewaona watu waliopanda basi lile kwenda kutibiwa ugonjwa huu, wakarudi juu ya gari ndogo ndani ya sanduku. Wewe ulinieleza kwamba walikwenda wakiwa wamechelewa, na nadhani ni kweli, lakini macho yangu yaliona sanduku tu. Naogopa kisu karibu na uso wangu. Naogopa kufa mahali ambapo hakuna atakayenililia kwa Kimatengo. Sijawahi kukuambia kwamba naogopa kitu chochote, hata nyoka, na nyoka pia naogopa.

La pili ni gumu zaidi kuliandika. Nilitaka uniponye wewe. Nilikaa nikaiona siku hiyo: unashuka na koti jeupe, unanichoma sindano yenye hizo chembe zako, uvimbe unayeyuka, na watu wote wa hapa wanasema mzee yule alimnyima mtoto mwaka wa shule, mtoto akamrudishia uhai. Deni la ule mwaka lingekwisha mbele ya watu. Kumbe nilikuwa nimekutwisha mzigo ambao wewe mwenyewe hujui unaubeba. Ungefika huko kwenye baridi, kila ukiangalia panya wako unaniona mimi. Kila jaribio likishindwa, ungehesabu limeniua mimi. Hakuna mtu anayeweza kufanya kazi nzuri namna hiyo, naamini hata panya angekuonea huruma.

Basi hasira zilipoisha nikajikuta mlangoni kwa Baba Beatha. Sikupanga. Miguu ilinipeleka.

"Karibu, fundi," akasema Baba Beatha. Mama Beatha alikuwa anachambua maharage, akaniamkia shikamoo bila kuinua uso. Nikakataa kiti.

"Nimekuja na neno moja," nikasema. "Ile dawa haiji. Mwaka huu haiji, na mwakani haiji. Binti yangu amesema iko kwa panya. Mimi nilikuambia haitachelewa. Sikuwa na haki ya kusema hivyo."

Baba Beatha alisimama. Unamjua, mtu mpole yule, sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. "Tangu mavuno ya mahindi tumesubiri!" akasema. "Daktari alitwambia twende, mimi nikamwambia mke wangu tumsikilize fundi, fundi binti yake ni msomi! Umefanya nini, mzee mwenzangu?" Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Ningetoka, lakini mke wake alimzuia.

Mama Beatha aliweka ungo chini. Akaniuliza, "Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nini?"

"Hicho ulichofunga kwa kitambaa. Unakwenda, au bado unasubiri?"

Leokadia, pale ndipo nilipobanwa. Ningesema "nitakwenda" angejua ni lile neno langu la kila siku. Nikainama nikaokota haragwe moja lililoanguka, nikalirudisha ungoni. Kisha nikasema, "Kesho. Na binti."

Akanitazama sana. "Baba Leokadia, neno lako nililisikia kanisani nikaliamini. La leo nalo ni neno tu. Basi la Songea linapita hapa mbele ya nyumba yangu asubuhi kukiwa kumekwisha pambazuka. Nitasimama pale kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Nikikuona ndani ya basi, nauza haya maharage, na mimi naondoka juma lijalo. Nisipokuona, usije tena nyumbani kwangu."

Nilirudi nikakuta mama yako bado yuko macho, anafunga mkate wa mahindi kwenye majani kwa ajili ya safari. Anafunga wa watu wawili. Nikamwambia, "Kwa ukubwa wa safari ya Dar, nipige pasi shati lipi?" Akasema, "Nimekwisha lipiga." Kisha akageuka ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilitaka kumshika nikaona aibu. Nikamshika.

Sasa yanayokuhusu wewe.

Usiiache kazi hiyo. Nisipopona, usije ukasema ulichelewa, kwani hakuna aliyekuagiza uwahi, ni mimi tu niliyejitungia miadi. Unajua ngolo zinavyokwenda. Mwanamume anafyeka nyasi, anazilaza miraba, anaondoka. Mwanamke anakuja nyuma yake anazifukia kwa udongo, anapanda maharage, na shimo linabaki katikati kushika maji ya mvua kilima kisiporomoke. Aliyelaza nyasi akisimama pale kusubiri maharage, watu watamcheka. Babu yangu alilaza kwenye kile kilima, na mimi nimekula. Huenda wewe kazi yako na hao panya ni kulaza nyasi tu, na atakayefukia bado hajazaliwa. Laza vizuri. Zikipinda, wa nyuma atapata tabu.

Na kuna jambo moja ambalo nakuomba, maana hili nimelilipia. Una kipaji cha kueleza. Nimekaa na mapadri na mabwana shamba na watu wa vyama vya siasa, sijawahi kumsikia anayeeleza kama wewe. Lakini unapoeleza, hujui nani amekaa mchangani pale amefunika kitu kwa kola ya shati. Wazima watachukua mzaha wa mjomba. Mgonjwa atachukua tundu la wavu, atalishikilia mpaka mikono imwachie. Kwa hiyo ukieleza, anza na panya. Sema kwanza kile ambacho bado hakipo, sema na kile kilichopo leo na mahali kinapopatikana, kisha ndipo uwaonyeshe wavu. Hadithi itapungua utamu kidogo, najua. Ungeanza na panya siku ile, pengine ningesikia. Pengine nisingesikia, kwa jinsi nilivyo, lakini ungekuwa umesema mapema.

Kosa ni langu lakini, usilichukue. Ulisema kweli yote, mimi ndiye niliyechagua.

Sina hakika na kitakachonipata Dar es Salaam. Daktari alisema "bado haijashika chini," na hayo aliyasema zamani. Naweza kufika wakaniambia nirudi nyumbani. Wakiniambia hivyo nitarudi, na wewe utakuwa umekwisha ruka na ndege, na sitaki ugeuke. Nitakuwa angalau nimeuza gunia siku ile ile niliyoona lina joto, hata kama ni kwa bei ya kutupa. Mama Beatha uvimbe wake ni mdogo kuliko wangu. Yeye bado ana nafasi nzuri, wewe mwenyewe ulisema kuhusu wanaowahi. Asipokwenda kwa sababu hakuniona mimi, hilo sitaweza kwenda nalo mbele ya Mungu, na kitabu cha nyimbo hakina wimbo wa kulifunika.

Barua hii nitakupa mkononi stendi ya Mbinga, uisome yote ndani ya basi kabla halijaondoka. Nitakuwa nimekaa karibu yako nikijifanya nimesinzia, usinisemeshe mpaka tupite Kigonsera, nilikobatizwa, nikiwa pale nitakuwa nimepata nguvu ya kuongea. Ukitaka kulia, lia upande wa pili.

Jambo moja tu naomba kabla hatujaondoka. Najua unapenda kuona njia, na ni safari yako, tiketi ya dirishani ni yako. Lakini basi likitoka mjini na kuanza kuteremka kuelekea kwetu, simama unipishe. Nyumba ya Mama Beatha iko mkono wa kushoto, na sikio langu lenye uvimbe ni la kushoto. Kitambaa nitakuwa nimekivua. Nipe kiti cha dirishani, mama, anione.

Baba yako